Vidato Themanini na Nne

Jumapili hazikupita tena chini ya dirisha letu.
Zamani, alfajiri ikiwa bado mbichi pale Michenzani,
lilikuja kundi la Kocha Ngwali, miguu mia na ushei,
filimbi, makofi, na vile viitikio vyao vya matani
mpaka watoto wa jumba zima wakaamka.
Pandu alikuwa mstari wa pili, fulana ya buluu,
tumbo mbele,
anacheka kabla hajafika kona.

Ikatangazwa: msikusanyike.
Skuli zikafungwa. Ndege zikakatazwa.
Hoteli ya Kiwengwa ikampigia simu, dakika moja na nusu:
"Tutakuita."
Akavua saa, akaiweka juu ya friji.

Siku ya kwanza alilala kwa sababu amechoka.
Siku ya kumi alilala kwa sababu hajachoka.
Nikipika boko-boko, anasema ndiyo.
Nikiuliza chumvi imetosha, anasema ndiyo.
"Pandu, unaniona?"
Ndiyo, akasema, macho ukutani,
pale rangi ilipobabuka ikafanana na kisiwa.

Mama yake akapiga kutoka Makunduchi: asomewe.
Akasomewa kwa simu, sauti ikikatika-katika,
salio likaisha katikati ya dua.
Sikuikataa dua mie.
Ila nilikuwa na ndoo.

Maji, unajua, hayapandi ghorofa ya tano.
Tangu naletwa hapa bibi harusi hayapandi.
Na vijana waliokuwa wakitupandishia kwa malipo
wamesharudi kwao Pemba, hofu imewafunga virago.
Nikaziweka mlangoni ndoo mbili, zile za rangi, za lita ishirini,
nikajifunga kanga kiunoni, nikasema,
wala si kwa upole, nisikudanganye:
"Kama hushuki leo, basi hatutawadhi."

Alishuka.
Vidato themanini na nne. Nilivihesabu kwa kandambili zake,
pwa, pwa,
kama mtu anayekwenda kulipa deni asilolikumbuka.
Kupanda alipumzika mara sita.
Nikamsikia anahema ghorofa ya tatu,
nikataka kumfuata,
nikajikanyaga mguu.

Kesho yake mara tano.
Keshokutwa hakwenda kabisa. Alirudi kisiwani kwake, ukutani.
Siku hiyo nililia chooni, na tone la kunawia uso hamna.

Halafu ikaja asubuhi moja, wiki ya tatu, labda ya nne,
kandambili zikanyamaza ghorofa ya chini yetu.
Nikachungulia ngazini.
Ndoo moja ameitua kwa Bi Mize,
Bi Mize wa goti, asiyefungua mlango tangu maradhi yaingie.
"Nimekuwekea hapa. Usitoke mpaka niondoke."
Sauti ikatoka ndani, nyembamba:
"Pandu? Mwanangu, kwani wewe hukufa?"
"Bado."
Akacheka.
Ngazi nzima ikacheka naye, juu mpaka chini,
saruji ile haijui kunyamaza.

Tokea hapo, akianza kupanda,
kuna mtu ghorofa ya pili hugonga kijiko kwenye chuma cha ngazi.
Ghorofa ya tatu mtoto anahesabu, anaruka kumi na saba kila siku.
Mwengine, sijui nani, anaitikia vile viitikio vya Jumapili
kwa sauti ya mtu mwenye mswaki mdomoni.
Hapana aliyekusanyika.
Kila mmoja nyuma ya mlango wake.

Sisemi amepona.
Zipo siku bado anasafiri kwenda kisiwani,
namwacha, namwekea chai, inapoa.
Lakini mabega yamerudi kujaza fulana,
na usiku anakoroma, usingizi wa mtu aliyebeba kitu.

Jana aliniwekea mlangoni ndoo ndogo, ya lita kumi.
"Hiyo ya nani?"
"Yako. Tangu lini hujashuka?"
Nikafungua mdomo nimjibu.
Nikahesabu kwa vidole, vya mkono huu, vya mkono huu,
vikanishia.

Nikazitafuta kandambili zangu chini ya kitanda.
Zilikuwa na vumbi.